Mpira umehamia kwenye simu, mwenzio yuko wapi?

Ilikuwa tarehe 30 Desemba 2025, Kibosho, nyumbani kwa mama mkwe. Si unajua tena Desemba yetu Wachagga, kila kihamba kina magari matatu na mbuzi mmoja asiyejua kinachomsubiri. Taifa Stars walikuwa Morocco kwenye AFCON, wanacheza na Tunisia, na wako nyuma goli moja. TV ya mama ina king'amuzi ambacho hakijalipiwa tangu enzi hizo, kwa hiyo baba watoto katoa simu yake, na mashemeji wanne wamemwinamia kama wanasoma barua ya mtu.

Ghafla, kelele kutoka bondeni kwa jirani mwenye dishi: goooli! Kwetu mpira bado ulikuwa miguuni mwa Watunisia. Tukakodoa macho, sekunde zikapita, ndipo Feisal Salum akasawazisha na kwetu. Tukashangilia kwa aibu aibu, kama watu waliofika harusini keki imeshakatwa.

"Mwanangu, hiyo simu yako inakuja kwa miguu?" mama mkwe akauliza.

Mpenzi msomaji, kama na wewe mzee wako ameanza kukuambia dishi limepitwa na wakati, subiri kwanza nikupe yaliyonikuta.

Kwetu Rau tuliacha kulipia king'amuzi mwanzoni mwa mwaka jana. Hesabu ya mume wangu ilikuwa tamu: kwa nini tulipie chaneli mia wakati yeye anataka mpira tu? Akapakua programu, tukasahau habari za dishi kuandika "hakuna mawimbi" kila masika yakipiga. Nakubali, mvua ikija kutoka mlimani dishi linazimia mapema kuliko umeme.

Ila shosti, usidanganyike kwamba umemkimbia mwenye duka. Azam ndio waliosaini mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha Ligi Kuu ya Bara, shilingi bilioni 225.6, na AzamTV Max ya kwenye simu ni yao hao hao. DStv nao wana ya kwao. Umebadilisha mlango tu, muuzaji ni yule yule.

Halafu bando! Picha ya kawaida inakula kama GB 1 kwa saa, ile ya HD inaweza kufika GB 3. Mechi na mapumziko yake ni karibu saa mbili. Piga mwenyewe mechi mbili kwa wiki, halafu weka na zile anazoangalia marudio kwa kuwa Yanga wameshinda. Siku nilipokaa na karatasi na kalamu nikakuta mwezi ule bando limeipita bei ya kifurushi tulichokikimbia. Aliye na intaneti ya nyumbani isiyopimwa, huyo sawa, kwake hesabu inakubali.

Na ule ucheleweshaji si ubovu wa simu. Dishi linapokea moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, mawimbi yanapanda na kushuka chini ya sekunde moja. Kwenye intaneti picha inakatwa vipande vya sekunde chache chache, na simu inajiwekea akiba ya vipande kabla ya kukuonyesha, ili isikwamekwame. Akiba hiyo ndiyo inayokufanya ulisikie goli kwa jirani. Tangu 2022 TTCL wamefikisha intaneti hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, lakini hata ukiwa kule juu goli litakuja limechelewa.

Na mtandao ukikatika ndiyo basi. Mei 2024 nyaya za baharini zilikatika, Oktoba 2025 intaneti ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Wenye madishi waliendelea kula raha.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Mwanzoni nilifurahi ile mbaya. Rimoti yangu! Tamthilia yangu! Hakuna tena ugomvi wa Jumamosi. Baada ya mwezi nikagundua sebuleni nimebaki na watoto tu. Mwenzangu yuko chumbani, spika za masikioni, hasikii hata ukimwita chakula. Mechi za Ulaya zikianza saa tano usiku anageukia ukutani, mwanga wa bluu usoni, anacheka peke yake. Anacheka na nani? Niambie wewe mwanamke mwenzangu, mume anayecheka na simu usiku wa manane ungemuuliza nini?

Nilimuuliza, tena kwa ukali. Akanionyesha: Simba na timu fulani, dakika ya 80, marudio. Niliona haya, lakini sikutulia. Zamani nilikuwa nagombana na mpira, sasa nilikuwa nagombana na nywila. Na yeye akanijibu kitu kilichonichoma: "Mama watoto, si wewe uliyesema ukelele wangu unakukera?" Ni kweli nilisema. Zaidi ya mara moja.

Tumekubaliana mechi kubwa zote zinarushwa kwenye TV ya sebuleni kwa waya, hakuna spika za masikioni, na ikifika tamthilia ananiachia. Siku nyingine anasahau, siku nyingine nasahau mimi.

Tarehe 4 Januari 2026 Stars walipocheza na Morocco hatua ya 16 bora, mara yao ya kwanza kufika huko, tulikuwa bado Kibosho. Baba watoto hakugusa simu. Alimchukua mama yake mkono, tukashuka wote hadi kwa jirani mwenye dishi, na kreti ya soda kichwani kwa shemeji. Tulifungwa 1-0, na safari hii bonde zima tulishika vichwa kwa wakati mmoja.

AFCON ya 2027 inakuja hapa hapa, kwetu na Kenya na Uganda. Jana nimemsikia anaulizia bei ya fundi wa madishi.