Malhamu ya macho inayotuliza kinga ya mwili yahitaji subira na uangalifu

MTOTO anayejikuna macho usiku kucha humkosesha mzazi usingizi. Si ajabu basi kwamba wazazi wengi hukimbilia kichupa cha dawa ya matone kinachouzwa dukani bila cheti cha daktari, ambacho huondoa mwasho kwa muda wa siku mbili tatu. Malhamu, yaani dawa ya mafuta inayopakwa jichoni, haina mvuto huo. Huchoma, hufanya macho yaone ukungu na huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu.

Lakini kichupa hicho kinaweza kumpofusha mtoto, ilhali malhamu ikitumiwa ipasavyo inaweza kumwepusha na janga hilo.

Ugonjwa unaozungumziwa hapa ni mzio mkali wa macho ambao huwapata zaidi wavulana, tangu umri wa miaka mitano hivi hadi kubalehe. Macho huwasha mno, sehemu yake nyeupe hugeuka nyekundu au ya kahawia, na tongotongo hunata na kuvutika kama uzi. Mtoto huukwepa mwangaza. Ndani ya ukope wa juu huweza kuota vinundu vinavyosugua konea, kile kioo cha mbele ya jicho, hata kikapata kidonda.

Jina la kitaalamu la maradhi haya latokana na neno la Kilatini la majira ya machipuko, kwa kuwa barani Ulaya huzidi wakati huo. Kenya haina majira hayo, na hapa mtoto anaweza kuteseka mwaka mzima, vumbi nalo likimwongezea mateso.

Matone yanayotuliza macho upesi aghalabu huwa na steroidi, kama vile deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, wakati mwingine zikiwa zimechanganywa na dawa ya kuua viini. Steroidi si sumu. Daktari huzitumia kuzima uvimbe mkali kwa muda mfupi. Hatari huja zinapotumiwa kwa miezi bila uchunguzi. Huweza kuleta mtoto wa jicho, ambaye huondolewa kwa upasuaji. Baya zaidi, huweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kusababisha glakoma. Presha hiyo huharibu neva ya jicho polepole, mara nyingi bila maumivu, na uwezo wa kuona uliopotea kwa njia hiyo haurudi.

Hapo ndipo zinapoingia dawa za kutuliza kinga ya mwili, hususan siklosporini na takrolimasi. Siklosporini ilitokana na kuvu aliyepatikana katika udongo wa Norway, nayo takrolimasi iligunduliwa mwaka wa 1984 kutoka kwa bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani. Zote mbili zilipata sifa kwa kuwasaidia waliopandikizwa viungo kama figo. Machoni, huzizuia chembe nyeupe za damu zinazochochea uvimbe, na hazipandishi presha ya jicho kama zifanyavyo steroidi.

Maneno "kutuliza kinga" huwatia wazazi hofu, hasa katika taifa lililozika watu wengi kwa sababu ya Ukimwi. Hofu hiyo yaeleweka, lakini kiasi kidogo cha malhamu kinachopakwa jichoni hufanya kazi pale pale. Kinachofika damuni huwa kidogo mno. Kinga inayopungua ni ile ya jicho lenyewe. Kwa sababu hiyo, dawa haipakwi katika jicho lenye maambukizi, hasa ya virusi vya hepesi, vile vile vinavyoleta malengelenge mdomoni. Daktari sharti aelezwe iwapo mtoto amewahi kuugua hivyo.

Jambo jingine lapasa kusemwa waziwazi. Takrolimasi iliidhinishwa kuwa dawa ya matone ya macho nchini Japani mwaka wa 2008, lakini malhamu yake inayojulikana zaidi, yenye nguvu ya asilimia 0.03 au 0.1, ilitengenezewa ngozi, na maelezo yake huonya isiingie machoni. Huko Uingereza, hospitali zimewahi kuwapa watoto malhamu ya siklosporini iliyosajiliwa kwa ajili ya macho ya mbwa. Madaktari wa macho huweza kuagiza dawa za namna hii kwa matumizi ambayo hayakuandikwa kwenye pakiti, wakijua nguvu inayofaa na wakimchunguza mgonjwa mara kwa mara. Mzazi hana uwezo huo, na hafai kununua tyubu ya ngozi na kuijaribu nyumbani.

Upakaji wenyewe si mgumu. Mikono huoshwa kwa sabuni, ukope wa chini huvutwa taratibu, na dawa ya ukubwa wa punje ya mchele huwekwa ndani yake bila ncha ya tyubu kugusa jicho. Mtoto hufumba macho kwa dakika moja hivi, kisha mafuta yaliyozidi hupanguswa. Iwapo kuna matone pia, hayo hutangulia, na malhamu hufuata baada ya dakika tano hadi kumi. Kwa kuwa macho huona ukungu baadaye, wakati wa kulala hufaa zaidi, ingawa daktari anaweza kuagiza mara mbili kwa siku. Tyubu haitumiwi na watoto wawili, haiachwi juani wala katika chumba chenye joto kali, na hutupwa ukifika muda ulioandikwa wa kuitumia tangu ilipofunguliwa.

Mchomo wa siku za kwanza hutarajiwa, na kwa kawaida hupungua. Wakati huu ndio wazazi wengi hukata tamaa, wakaitupa tyubu na kurudia kichupa cha zamani. Daktari anaweza kuagiza steroidi kwa majuma machache ya mwanzo ili kuziba pengo hilo, kisha azipunguze hatua kwa hatua. Kitambaa safi chenye maji baridi hupunguza mwasho, nayo kofia yenye ukingo mpana humkinga mtoto na jua na vumbi.

Maumivu yanayozidi badala ya mwasho, uoni unaopungua, doa jeupe kwenye konea, usaha au malengelenge kwenye kope ni dalili za kumfikisha mtoto kliniki ya macho siku hiyo hiyo.

Kwa watoto wengi ugonjwa huu hufifia baada ya kubalehe, na malhamu huachishwa polepole. Mtoto aliyetumia matone ya steroidi kwa muda mrefu hupaswa kupimwa presha ya jicho hata kama aliyaacha zamani na macho yake ni meupe.