Swichi ya Shinyalu Iliyobaki Bila Mwenyewe

Nilikwenda Shinyalu, kaunti ya Kakamega, kwa matanga ya ukweni. Habari zikavuma kwamba mgeni wa kutoka Mombasa anajua kompyuta, na asubuhi ya pili nikaitwa shule moja karibu na soko la Khayega.

Fundi aliyeweka mtandao alishahama, na neno la siri la swichi alikwenda nalo. Kompyuta za maabara na ile ya karani wa karo zilikuwa mtandao mmoja, na mwanafunzi alikuwa ameshafungua folda ya karo akiwa darasani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haiichukulii hiyo kuwa utundu wa watoto. Shule ndiyo yenye jukumu.

"Mwalimu, niandikie barua kwanza," nilimwambia mwalimu mkuu. Alicheka, lakini akaandika. Kuingia kwenye mtambo wa mtu bila idhini ni kosa la jinai Kenya, hata uwe umeitwa kusaidia.

Swichi ilikuwa Cisco Catalyst 2960. Unachomeka kebo ya konsoli kwenye laptopu, kasi 9600, unachomoa umeme, kisha unaurudisha huku umeshika kitufe cha Mode mpaka taa ya SYST iache kumetameta rangi ya chungwa na itulie kijani. Unaandika "flash_init", halafu unabadilisha jina la faili ya mipangilio, "config.text", iwe "config.old", na kuamuru "boot". Swichi inaamka kama mpya, haiulizi neno lolote. Hapo wengi hufurahi na kuanza upya, jambo lisilo na haja. Ingia kwa "enable", rudisha jina la faili, ipakie kwenye kumbukumbu, weka neno jipya, hifadhi. Mipangilio yote ya zamani inabaki.

Swichi nyingi ndogo hazina hisani hiyo: ukibonyeza kitufe cha kuanzisha upya, kila kitu kinafutika. Na zile za bei rahisi kabisa hazina VLAN, kwa hiyo usisumbuke nazo.

VLAN ni kuta ndani ya swichi moja. Kila tundu hupewa namba, kati ya 1 na 4094, na matundu ya namba tofauti hayasikilizani mpaka ruta iyaunganishe. Kiwandani yote huwa namba 1, na hapo ndipo karani na maabara walipokutana. Nilifuata waya wa karani kwa mkono hadi tundu la 7 (vibandiko vilisema la 9), nikaunda VLAN 20, kisha:

interface fastEthernet 0/7
switchport mode access
switchport access vlan 20

Karani akapoteza mtandao papo hapo. Kompyuta yake ilijipa anwani inayoanza na 169.254, maana yake hakuna aliyeigawia. Ruta haikujua kuna VLAN 20. Ilinibidi nilifanye tundu la kuelekea ruta kuwa "trunk", libebe namba zote mbili, na niiongezee ruta mgao wa anwani za ofisi. Tundu hilo ligeuze ukiwa kwenye konsoli tu; ukiligusa kwa mbali na ukakosea, umejifungia nje tena.

Saa tisa mwanafunzi alijaribu folda ile mbele yetu, haikufunguka. Neno jipya liko kwenye bahasha, ndani ya sefu ya mwalimu mkuu.