Malori ya Mbulu: Injini Kuchemsha Kwala Faida

MBULU: Lori la tabo likiteremka Magara na vitunguu saumu halisumbui injini. Shida huanza likirudi na saruji na mabati, likipanda kwa gia ndogo, upepo haba.

Wenye magari wengi huagiza mafundi waongeze mafuta kwenye pampu. Nguvu hupatikana, na joto pia, ilhali rejeta ni ileile ya kiwandani. Kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, maji ya wazi huchemka kabla ya nyuzi 95. Kinachoyazuia ni mfuniko wa rejeta unaobana vizuri. Bei yake si kitu mbele ya silinda hedi iliyopinda, lakini ndio unaosahauliwa.

Kung'oa thamostati, dawa inayopendwa gereji, hakuponyi. Pampu irudishwe kipimo chake, rejeta ioshwe makapi (hasa kwa magari yanayobeba ngano ya Basotu), itiwe kulanti. Maji ya magadi ya ziwa Balangida yasiguswe. Huacha ukoko kwenye mirija.

Anayenunua lori kuukuu Katesh au Mbulu aulize kwanza kama pampu imeguswa, na afungue mfuniko injini ikiwa baridi.