Kusoma sayansi: macho ya mwanafunzi yanasema nini?

Mtoto anaweza kufika mwisho wa ukurasa bila kuelewa kitu. Mwalimu atajuaje fasi alipopotelea?

Watafiti wanatumia chombo cha kufuata macho. Kinatuma mwanga usioonekana, halafu kamera inapima unavyorudi kutoka kwenye jicho, na hivyo inajulikana mtu anatazama wapi. Macho hayatelezi juu ya mstari: yanaruka, yanasimama karibu robo ya sekunde, kisha yanaruka tena.

Huko Padova, Italia, Lucia Mason na wenzake walipima watoto wa mwaka wa nne wa msingi wakisoma somo la sayansi lenye picha. Utafiti ulitoka 2013: waliorudi-rudi kati ya maandishi na picha ndio walioelewa zaidi. Mwaka 2015, wanafunzi wakubwa kidogo walioonyeshwa kwanza video ya macho ya msomaji mzuri walijifunza vizuri kuliko wenzao.

Kumbe picha si pambo. Mwalimu wa Beni ama Uvira mwenye kitabu kimoja tu hana lazima ya mashine. Achore picha ubaoni, asome sentensi moja, kisha aulize: «Hii iko wapi hapa?» Mtoto aje aonyeshe na kidole.