Faili za Chama Ziko Salama? Jinsi ya Kuzituma kwa Linki Yenye Paswadi Kutoka Nyumbani

Ukiwa mweka hazina wa chama, simu yako si yako peke yako. Ndani yake kuna picha za vitambulisho vya wanachama, risiti za benki, kumbukumbu za mikutano na taarifa za miamala za mwaka mzima. Siku simu ikiibiwa, ofisi ya chama imeenda nayo.

Tulikaa na mweka hazina mmoja Kambi Muru, Kibera, kwenye kibanda chake cha nguo. Chama chao ni kidogo, wanachama hawafiki ishirini. Kwa miaka kadhaa kila kitu kilitumwa kwenye grupu ya WhatsApp: nani amechanga, nani amekopa, kitambulisho cha nani kinahitajika kufungua akaunti ya benki. Ilikuwa rahisi, na hakuna aliyeona shida.

Halafu mwanachama mmoja akapigiwa simu na mtu aliyejiita wa huduma kwa wateja. Alimtajia majina yake yote matatu, nambari ya kitambulisho, hata kiasi alichochanga mwezi huo. Baada ya hapo akaomba PIN. "Alikuwa amebakisha tarakimu mbili tu," mweka hazina alituambia. "Mtoto wake ndiye aliyemuuliza, mama, unamsomea nani hizo namba?"

Simu ilikatwa, pesa hazikuibiwa. Lakini mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Nakala ilitoka wapi? Kwenye grupu kulikuwa na watu waliotoka chama zamani na hawakuondolewa. Picha zilikuwa kwenye kila simu, na kwenye kompyuta za saiba ambako watu walienda kuprinti. Ingeweza kutoka kwa yeyote, kwa hiyo kila mtu alimtazama mwenzake. "Vijana wangu, chama hakivunjwi na pesa kupotea," alisema. "Kinavunjwa na kushukiana."

Kisanduku kando ya ruta

Suluhisho lililetwa na kijana wake, fundi wa kompyuta. Alinunua kisanduku cha mtumba chenye diski mbili ndani, akakiunganisha kwa waya na ruta ya Wi-Fi ya nyumbani. Wauzaji wa kompyuta hukiita NAS. Kwa lugha ya kawaida ni kabati la faili lililounganishwa na mtandao wa nyumba. Synology na QNAP ni kati ya kampuni zinazotengeneza vifaa hivyo, ingawa hata kompyuta kuukuu yenye programu sahihi inaweza kufanya kazi hiyo.

Wazo la kuweka faili karibu na watu wanaozitumia si geni Kibera. Taasisi ya Tunapanda ilijenga mtandao wa TunapandaNET, unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa mawimbi ya Wi-Fi, wanafunzi wakapata masomo yaliyohifadhiwa hapa hapa mtaani. Tofauti ni kwamba faili za chama si za kila mtu. Ndiyo maana zinahitaji mlango unaofungwa.

Mlango huo hufanya kazi hivi. Mwenye kisanduku anachagua faili moja, tuseme ripoti ya michango ya Machi, na kubonyeza sehemu ya kushiriki. Kisanduku kinatengeneza linki ya faili hiyo peke yake. Anaweka paswadi na tarehe ya mwisho. Mwanachama akifungua linki kwenye brauza ya simu yake, anaulizwa paswadi, anasoma ripoti, basi. Hahitaji kupakua programu wala kufungua akaunti. Tarehe ikifika, linki inakufa.

Hapa ndipo tofauti na WhatsApp inapoonekana. Picha ukishaituma kwenye grupu, imezaa nakala kwenye kila simu na huna namna ya kuwa na uhakika zote zimerudi. Linki unaweza kuifuta wewe mwenyewe. Tuseme ukweli: aliyeingia anaweza kupakua faili au kupiga picha ya skrini, na hakuna paswadi inayozuia hilo. Lakini watu wanaoweza kuiona wamepungua, na muda wa kuiona pia umepungua.

Kwa nini linki haifunguki nje ya nyumba?

Ndani ya nyumba, simu iliyo kwenye Wi-Fi hiyo hiyo inafungua faili bila kula bando. Nje ya nyumba kuna kikwazo. Kampuni nyingi za intaneti huwapa wateja wengi anwani moja ya kutokea nje, kama ploti yenye lango moja na vyumba thelathini. Mgeni anafika langoni lakini hajui chumba chako ni kipi.

Watengenezaji wa visanduku wana njia ya kutatua hilo: kisanduku chenyewe ndicho kinachotoka kwenda kukutana na seva yao, na mgeni anapitia huko. Kwa Synology huduma hiyo inaitwa QuickConnect. Kwa mtu wa kawaida, njia hii ni bora kuliko kumwambia fundi afungue ruta ili dunia nzima igonge kisanduku chako moja kwa moja.

Tahadhari hii si ya bure. Aprili 2021 wahalifu walivamia visanduku vya QNAP vilivyokuwa vinafikika kutoka intaneti, wakazifunga faili za wenyewe kwa paswadi ambayo wenyewe hawakuijua, wakadai 0.01 bitcoin kuzifungua. Juni mwaka huo huo, wenye kifaa cha WD My Book Live walikuta data yao imefutwa kutoka mbali. Kifaa hicho kilikuwa kimepata sasisho lake la mwisho mwaka 2015. Ukinunua cha mtumba, swali la kwanza liwe: bado kinapata masasisho? Kama hakipati, kitumie ndani ya nyumba tu, usikitoe nje.

Kanuni sita za mweka hazina wetu

1. *Linki na paswadi zisisafiri pamoja.* Linki anaituma WhatsApp, paswadi anaitaja kwa simu au kwenye mkutano. Ukituma zote kwenye ujumbe mmoja, ni kama kufunga mlango na kuacha ufunguo kwenye kufuli.

2. *Kila linki ina tarehe ya kufa.* Yeye huweka siku saba. Anayechelewa anaomba nyingine.

3. *Paswadi si namba inayokujua.* Si mwaka wa kuzaliwa, si kitambulisho, si jina la chama na mwaka. Maneno manne yasiyohusiana ni rahisi kukumbuka na magumu kubahatisha.

4. *Angalia anwani inaanza na https.* Bila hiyo, mtu aliye kwenye Wi-Fi moja na wewe anaweza kunasa paswadi unapoiandika.

5. *Usiondoe kufuli iliyopo.* Taarifa za miamala kwa kawaida hutumwa zikiwa PDF yenye paswadi. Ukiifungua na kutuma picha za skrini, ulinzi wote umeutoa mwenyewe. Isitoshe, PDF moja ni nyepesi kuliko picha kumi, na intaneti ya nyumbani mara nyingi ni ya polepole inapotuma.

6. *Diski mbili si nakala mbili.* Diski moja ikiharibika, ya pili inaokoa. Lakini moto au mwizi huchukua kisanduku kizima, na sisi wa mitaa ya mabati tunajua moto haubishi hodi. Kila mwisho wa mwezi yeye hunakili faili kwenye diski ndogo iliyofungwa kwa paswadi, na dadake anaitunza Kawangware.

Na wenye kabambe je? Hawa hawawezi kufungua linki. Ripoti yao inaprintiwa nyumbani, wanasomewa mkutanoni na karatasi inarudi kwenye faili. Stima ikipotea, kisanduku kimezima na linki haifunguki hadi irudi. Wanachama wameshazoea.

Sheria nayo inasemaje?

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka data ya watu ikusanywe kwa sababu inayojulikana, itumike kwa sababu hiyo, na isiwekwe muda mrefu kuliko inavyohitajika. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya watu kudhurika, anayeisimamia anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Hata kama chama chako ni kidogo, anza na swali rahisi: nakala hii ya kitambulisho bado tunaihitaji? Kama akaunti ya benki ilishafunguliwa, ifute.

Jambo moja la kutosahau

Wakora nao wanajua kutengeneza linki. Unaweza kupokea ujumbe unaosema "ripoti ya chama iko hapa", ukabonyeza, ukakuta ukurasa unaoomba namba yako ya simu na PIN. Ukurasa wa faili unaomba paswadi ya faili tu. Hauna kazi yoyote na PIN yako ya pesa, na hata sisi hatutakupigia kukuuliza PIN. Ukiombwa, funga ukurasa, mpigie mweka hazina kwa namba unayoijua, umuulize kama ametuma kitu.

Ukishaiandika PIN kwa bahati mbaya, usione haya wala usingoje kesho. Ibadilishe mara moja, kisha utupigie.

Yule mwanachama aliyebakisha tarakimu mbili bado yuko kwenye chama. Sasa ndiye anayetaja paswadi mkutanoni, mlango ukiwa umefungwa.