JAAP STAM: BEKI ALIYEUZWA KITUO CHA MAFUTA

Ndugu wafanyakazi, sisi wapenzi wa kandanda huhesabu mabao tukawasahau mabeki. Leo tumtazame beki mmoja wa Uholanzi, maana habari yake inatuhusu hasa sisi tunaoishi kwa mkataba na mshahara.

Jaap Stam alizaliwa mwaka 1972 katika mji mdogo wa Kampen. Alianzia timu za kawaida, Zwolle, Cambuur na Willem II, hadi PSV ilipomchukua mwaka 1996. Mwaka 1998 Manchester United ya Uingereza ilimnunua kwa zaidi ya paundi milioni 10. Beki alikuwa hajawahi kununuliwa kwa fedha nyingi kiasi hicho.

Alikuwa mtu wa miraba minne, na mbio anazo. Katika miaka yake mitatu timu ilichukua ubingwa wa ligi mara tatu, na mwaka 1999 ikaongeza Kombe la FA na Kombe la Ulaya. Kazi gani zaidi ingetakiwa?

Agosti 2001 kitabu cha maisha yake kilitoka. Ndani yake alieleza jinsi meneja Alex Ferguson alivyomfuata kwa siri kabla PSV haijaombwa ruhusa. Mwezi ule ule akauzwa Lazio ya Italia, kwa paundi kama milioni 16, na mkataba wake ungali unaendelea. Kwa maelezo yake Stam, habari hiyo alipewa kwenye kituo cha mafuta, ndani ya gari.

Na Ferguson si mtoto wa tajiri! Ujanani, akiwa mwanagenzi wa kiwanda huko Scotland, alikuwa mjumbe wa wafanyakazi na aliongoza mgomo wa wanagenzi wenzake. Kiti hubadili watu.

Kwa sheria, mchezaji mwenye mkataba hahamishwi bila sahihi yake. Stam angeweza kukataa, lakini akaone nini benchi, mahali asipotakiwa? Akatia sahihi.

Ferguson alidai sababu si kitabu bali jeraha la kisigino. Nafasi ile alimpa Mfaransa Laurent Blanc, mwenye miaka 35, na msimu huo ubingwa ukaenda Arsenal. Baadaye alikiri hadharani kwamba alikosea kumwuza Stam.

Huko Italia Stam alifungiwa miezi kadhaa kwa dawa iliyokatazwa, jambo alilolikana. Alirudi uwanjani, akahamia AC Milan mwaka 2004 na kucheza fainali ya Ulaya ya 2005. Alimalizia Ajax, nyumbani Uholanzi, Oktoba 2007, naye akiwa na miaka 35.