Je, Wajua? Simba Anayetembea Mgongoni mwa Kijiko

Geuza kijiko cha fedha cha Kiingereza, utazame mgongoni. Zile alama nne au tano, ndogo kama punje za mtama, zinakwambia kilipimwa mji gani, sonara wake ni nani, na kilipimwa mwaka gani!

Wajua sheria yenyewe ina zaidi ya miaka 700? Mwaka 1300 Mfalme Edward wa Kwanza aliamuru vyombo vya fedha vipimwe, vikifaulu vipigwe chapa ya kichwa cha chui. Chui huyo yupo kazini London mpaka leo.

Simba alikuja baadaye, mwaka 1544. Anatembea kuelekea kushoto, mguu mmoja wa mbele ameuinua. Ukimwona, jua kwamba kila gramu 1,000 za chombo hicho zina gramu 925 za fedha safi! Zinazobaki kwa kawaida ni shaba, maana fedha peke yake ni laini, hupinda ovyo.

Lakini kuna miaka 23 ambayo simba huyo hakupigwa. Watu walikuwa wakiyeyusha sarafu za serikali wapate fedha ya kufulia vyombo, basi mwaka 1697 serikali ikapandisha kiwango cha vyombo hadi gramu 958, sarafu zisifae tena. Chapa ikawa mwanamke aliyeketi, Britannia. Simba akarudi 1720.

Sogea karibu sasa, hapa ndipo penye utamu. Ile herufi moja ndani ya ngao, inayokutajia mwaka, haikuwekwa kwa ajili ya mnunuzi hata kidogo! Ilianza London mwaka 1478 ili kumnasa mpimaji: fedha mbovu ikigundulika, herufi ilionyesha nani alikuwa zamu mwaka huo. Karne zikapita. Ni katika miaka ya 1850 ndipo mtafiti wa mambo ya kale, Octavius Morgan, alipochapisha orodha ya herufi za London, na mtego wa wapimaji ukageuka kuwa kalenda.

Hadi 1974 herufi hizo za London zilikuwa 20 tu: A mpaka U, J ikirukwa. Zilipoisha, zilianza upya kwa mwandiko mwingine au ngao ya umbo jingine.

Utauliza, mwandiko ukifanana je? Chukua "a" ndogo ya kawaida: London iliipiga 1776, ikaipiga 1816, ikaipiga tena 1896! Usihangaike, wanyama watakusaidia. Hadi 1821 chui wa London alivaa taji na simba alikugeuzia uso akakukazia macho. Mwaka huo chui akavuliwa taji, simba naye akageuza uso, akawa anatazama aendako. Kisha tafuta kichwa cha mfalme au malkia: kilipigwa kati ya 1784 na 1890 kuonyesha kwamba kodi imelipwa. Basi kati ya hizo tatu, "a" yenye chui wa taji bila kichwa cha mfalme ni 1776. Yenye vyote viwili ni 1816. Isiyo na taji wala kichwa ni 1896. Umeona ilivyo rahisi?

Nanga je, ukiikuta mahali pa chui, ni ya bandari gani? Si ya bandari yoyote! Ni ya Birmingham, mji ulio mbali kabisa na bahari. Birmingham na Sheffield zilipewa ofisi zao za kupima fedha mwaka 1773, na husimuliwa kwamba wajumbe wa miji hiyo walikutana London kwenye baa iliyoitwa Taji na Nanga, wakarusha sarafu kugawana alama. Sheffield ikapata taji, ikakaa nalo hadi 1975 ilipochukua waridi.

Kabla ya 1773 mwenye kiwanda Matthew Boulton wa Birmingham alilazimika kupeleka vyombo vyake Chester kupimwa, na vingine vilirudi vimeharibika njiani. Ofisi ya Birmingham ilianza na vyumba vitatu vya nyumba ya wageni, ikifungua siku moja tu kwa wiki, Jumanne. Mteja wa kwanza? Boulton mwenyewe!

Na Sheffield, ukitaka kusoma herufi zake za mwanzo, jiandae. Ilianza na E, kwa heshima ya Earl wa Effingham, kisha ikarukaruka bila mpangilio hadi 1824.

Wajua kughushi alama hizi kuliwahi kuwa kosa la kunyongwa? Kuanzia 1758 adhabu ilikuwa kifo. Mwaka 1773 ikapunguzwa: miaka 14 ya uhamisho ng'ambo.

Wengine walikwepa kodi tu. Kati ya 1720 na 1758 kila wakia ya fedha ilitozwa peni 6. Sonara mjanja alipeleka kijichombo chepesi kikapimwa, akakata kipande chenye alama, akakilehemu chini ya buli zito! Ukikutana na buli la namna hiyo, lipumulie penye alama. Mvuke wa pumzi yako hulifichua lehemu.

Ukiona "HB" kwa mwandiko wa mkono, shika kwa mikono miwili. Ni Hester Bateman, mjane aliyeandikisha alama yake London mwaka 1761 na kuendesha karakana ya familia mpaka uzeeni.

Na pete nyepesi ya fedha isiyo na alama, usiitupe. Sheria ya Uingereza haidai alama kwa fedha iliyo chini ya gramu 7.78.

Haya, zamu yako. Kijiko: simba anatazama mbele, chui hana taji, kuna kichwa cha malkia, na "a" ndogo yenye mwandiko wa kale wa Kigothi, ule mzito wenye kona kali. Mwaka gani?

Malkia ni Victoria, mji ni London. Kilipimwa kati ya Mei 1856 na Mei 1857!